Uso wa Kupandwa

Mfinyanzi ilianza na kidevu, kama kawaida yake. Tumpale Mwakisu alikuwa ameizoea mno mashine hiyo hata hakuitazama tena ikifanya kazi. Aliiacha ivume, akaenda kusimama dirishani na kikombe cha chai, akiangalia wingu likishuka juu ya mlima Loleza na watu wa Mbeya wakifungua miavuli.

Nyuma yake, ndani ya kabati la kioo, kulikuwa na fuvu dogo. Mafundi waliokuwa wakilaza mabomba mapya katika bonde la Isumbi walilikuta baada ya mvua kubomoa kilima. Meno yalisema ni mtoto wa miaka mitano hivi. Zaidi ya hapo hayakusema kitu, na mfupa nao ulikuwa bubu: mvuke na tindikali za udongo wa kule zilikuwa zimekula vinasaba vyote. Kilichobaki ni umbo, na kwa Mfinyanzi umbo lilitosha. Ilitengeneza nakala ya fuvu, kisha ikaijengea nyama tabaka kwa tabaka kwa uji mzito uliokauka ukawa kama nta.

Kazi ya Tumpale ilikuwa kuipa mashine vipimo. Yeye na wenzake wa Kituo cha Utambuzi wa Mabaki walikuwa wamezunguka shule na masoko ya nyanda za juu wakiwapima watu walio hai unene wa nyama za uso: kati ya nyusi, chini ya pua, mdomoni, kidevuni, juu ya mfupa wa shavu. Walitumia altrasaundi ndogo kama kalamu, iliyopakwa jeli na kuguswa tu kwenye ngozi, kwa sababu shavu likibonyezwa hudanganya. Kila mtu alipimwa ameketi, kwani mtu akilala nyama za mashavu humwagikia masikioni. Kutokana na maelfu ya nyuso hizo walipata jedwali, na kwa jedwali hilo Mfinyanzi ilijua inyanyue nyama kiasi gani juu ya kila sehemu ya mfupa. Haikukosea sana. Mama mmoja wa Chunya aliwahi kuitwa aje autazame uso uliofinyangwa. Aliingia, akaanza kuusalimia.

Mashine ilitoa mlio wa kumaliza. Tumpale akageuka na kikombe mkononi.

Mdogo wake alikuwa anamtazama.

Paji la uso lililotokeza. Macho yaliyoachana. Mdomo wa juu uliovutika kidogo upande wa kushoto, kana kwamba ulikuwa karibu kucheka. Ulikuwa uso wa picha iliyoning'inia sebuleni kwa mama yake, Tukuyu: Ambakisye akiwa na miaka mitano, kavaa shati la kanisani, anamkodolea macho mpiga picha. Chai ilikuwa ikimmwagikia Tumpale viatuni na hakuwa na habari.

Ambakisye alikuwa hai. Muda huohuo alikuwa Tukuyu kwenye ghala lake la parachichi, pengine akigombana na madereva. Mkewe alikuwa mjamzito. Jana yake tu alikuwa amempigia dada yake simu kumuuliza kama nepi za kitambaa bado zinauzwa.

Tumpale alilisogelea kabati. Jino la mbele la juu la lile fuvu lilikuwa limemeguka pembe. Alikuwa amelisafisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa brashi laini, akaona tu kwamba lilimeguka kabla ya kifo, akaendelea na kazi. Sasa akaiona ngazi ya kanisa la Tukuyu, Jumapili, Ambakisye akilia na damu mdomoni, na mama akipapasa mchangani akitafuta kipande cha jino kana kwamba kingeweza kurudishwa.

 Akakaa sakafuni, palepale kwenye chai.

*

Baba yao alifanya kazi Isumbi, kwenye kituo cha umeme wa mvuke. Siku mabomba yalipopasuka, mvuke ulipita kwenye shule ya chekechea ya watoto wa wafanyakazi kabla mtu yeyote hajakimbia. Kilima kikafuata, kikafukia nusu ya majengo. Baba alikufa. Mamia walikufa. Mtoto mmoja alitolewa hai chini ya meza, uso wote umeungua, meno ya mbele yametoka, amevaa sweta la njano lenye herufi A shingoni. Subilaga, mama yao, ndiye aliyeishona herufi ile. Alimtambua mwanawe kwa sweta. Hospitali ilikuwa imefurika, maiti zimelazwa hadi kwenye korido. Nani angemwendea mama anayemkumbatia mtoto wake amwambie kwamba lazima kwanza apimwe vinasaba?

Uso wa kupandwa ulikuwa jambo jipya wakati huo. Madaktari waliichukua picha ya sebuleni, wakaotesha ngozi na nyama kwenye vyombo vyao, wakampandia mtoto uso wa Ambakisye. Walisema uso huo una mbegu: unajua kukua. Kompyuta ilikuwa imepiga hesabu ya sura ambayo mtoto wa kwenye picha angekuwa nayo akiwa kijana, akiwa mtu mzima, akiwa mzee, na nyama ile ikaifuata hesabu mwaka hadi mwaka. Ambakisye akakua akifanana na baba yao. Majirani walipomwona walisema damu haipotei.

Simu ya mapokezi ililia.

"Daktari, yule mzee wa Makete amefika. Anasema uso uliahidiwa leo."

Tumpale alikuwa amemsahau kabisa.

Zakaria Tweve alikuwa fundi mwashi mstaafu. Alisikia habari za fuvu la Isumbi redioni akapiga simu Kituoni siku hiyohiyo. Alikuwa amejenga misingi ya mitambo kule, na mlipuko ulimkuta kazini. Alilala hospitali Dar es Salaam bila fahamu, na alipozinduka mkewe alikuwa ameshazikwa. Mwanawe wa pekee, Yusto, hakuonekana kabisa. Kati ya watoto wote wa chekechea, ni huyo mmoja tu aliyehesabiwa kuwa amebaki chini ya kilima.

Mzee alipomwona Tumpale akija alisimama na kuvua kofia. Mikono yake ilikuwa na makovu yanayong'aa hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Eti, ni yeye?"

"Mashine... bado haijamaliza."

"Hamna neno. Mimi nimezoea kungoja." Alikaa tena, taratibu, akimwachia nafasi pembeni yake kwenye benchi. "Nimeshachimba, unajua. Shambani kwangu, upande unaopata jua asubuhi. Makete kuna baridi, na yule mtoto alikuwa mwoga wa baridi. Picha yake sina, wala ya mama yake, nyumba yote iliungua. Lakini nitamjua. Alikuwa na uso mpana kama wa mama yake."

Tumpale aliitikia kwa kichwa. 

"Sweta lake lilikuwa la bluu," mzee aliendelea, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Lakini usitafute la bluu. Alikuwa na rafiki yake, Mnyakyusa, hawakuachana. Mke wangu alikuwa analalamika kila siku: mtoto anaondoka na sweta la bluu anarudi na la njano."

Tumpale akaliona sweta la njano lenye herufi A shingoni. Akamwomba mzee asubiri mpaka mchana, akaondoka kabla hajaona usoni mwake kama ameridhika au la.

*

Alijifungia ndani, akakaa mbele ya kompyuta ya Mfinyanzi.

Kila aliyefanya kazi ile alijua kwamba jedwali si msahafu. Kila kipimo kilikuwa na kiwango cha chini na cha juu, na kati ya viwango hivyo mtaalamu aliruhusiwa kuchagua. Hakuna binadamu aliye wa wastani mdomoni, shavuni na pajini kwa pamoja. Tumpale alipunguza nyama za paji, milimita moja na ushee. Akaongeza za mashavu. Akanyoosha mdomo wa juu. Hakuvuka mpaka wowote. Mkaguzi yeyote angeyapitisha mabadiliko yale bila hata kuinua macho.

Kwenye skrini uso ulitanuka. Macho yakaonekana kusogeleana. Mtoto akawa na mashavu mapana na mdomo uliotulia.

Mzee Tweve angempata mtoto wa kumlaza mahali penye jua. Mama angeendelea kuwa na mwana. Ambakisye angeendelea kugombana na madereva, na mtoto wake angezaliwa na kupewa jina la babu. Nani angeumia?

Aliutazama uso ule mpya kwa muda. Ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba mtoto huyo hakuwahi kuishi. Hakuna mama aliyewahi kumwita arudi ndani mvua ikianza. Na chini yake alikuwamo mwingine, aliyewahi kuanguka kwenye ngazi ya kanisa, anayezikwa kwa mara ya pili, na safari hii anayemfukia ni dada yake.

Tumpale akafuta vyote. 

Lakini moyo haukubali kushindwa upesi. Ule uso wa kwanza nao si umetokana na jedwali? Meno ya watoto yanameguka kila siku. Mfinyanzi imewahi kukosea. Majibu ya vinasaba yangechukua siku kadhaa; njia ya kujua leo ilikuwa moja, na haikuhitaji fuvu la mtu aliyekufa.

Akampigia mdogo wake simu.

*

Ambakisye aliingia mchana akihema, viatu vina matope ya ghalani.

"Dada, umesema dharura. Nani kafa? Mama amekataa kubaki nyumbani, yuko kwenye gari, anadhani wewe ndiye unaumwa."

Tumpale hakuwa amelitegemea hilo. Ule uso wa nta alikuwa ameufunika kwa taulo.

"Kaa hapo. Nataka nikupime uso."

"Mimi?" Alicheka. "Si mlinikataa? Mlisema sisi wa kupandwa tunawaharibia jedwali, nyama zetu hazisemi ukweli kuhusu mfupa."

"Leo nakuhitaji. Kaa, tafadhali."

Alikaa, kwa sababu ni dada yake mkubwa na kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema tafadhali. Tumpale alipaka jeli kwenye ncha ya kipimo na kukigusisha kidevuni. Kwenye skrini ulitokea mstari mweupe: mfupa. Nyama za kidevu zilikuwa za kawaida, na kwa dakika hiyo moja alipumua.

Akapanda kwenye shavu. Mfupa ulitokea karibu mno, nyama juu yake nyembamba kama ganda la nyanya. Mfupa wenyewe ulikuwa mpana. Nyama ilibanwa ili usionekane.

Akahamia kwenye paji la uso. Pale binadamu hana nyama za maana, kila mwanafunzi anajua, ni ngozi na misuli myembamba. Mstari mweupe haukutokea. Akaongeza kina cha kipimo. Haukutokea. Akaongeza tena, na ndipo ulipojitokeza huko ndani, umenyooka, bapa, chini ya nyama nene mara tatu ya kiwango cha juu kabisa cha jedwali.

Lile paji lililotokeza, ambalo ukoo mzima wa Mwakisu walijivunia, ambalo mama yake alilibusu kila alipomuaga mwanawe, lilikuwa nyama tupu.

"Dada," Ambakisye alisema polepole, "mbona unalia?"

Akamweleza. Alianza vizuri, kwa sauti ya kazini, lakini alipofika kwenye sweta maneno yalimwishia, akaliondoa tu taulo.

Ambakisye aliutazama uso wa nta.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Ndiyo. Na fuvu lake ni lile pale."

Alicheka tena, kicheko kifupi kisicho na pumzi.  Alikwenda kwenye kabati, jeli bado inang'aa usoni mwake, akainama mpaka kioo kikapata ukungu.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue." Aligeuka. "Umesema mwenyewe mnaruhusiwa kuchagua vipimo. Badilisha, dada. Mpe mtoto sura nyingine yoyote."

"Nimeshajaribu."

"Jaribu tena!"

"Amba, kuna mzee hapo mapokezi. Anamngoja mtoto huyu tangu asubuhi. Anadhani ni wake."

"Basi mpe!  Azike aende zake. Ana shida gani?"

"Ameshachimba kaburi."

"Kaburi la nani?"

Tumpale alishindwa kumtazama. "Lako."

 Rangi ya kupandwa haipauki kama ya watu wengine. Uso wake ulibaki vilevile, mzuri, umetulia. Akajishika kwenye kona ya meza.

Mlango ukafunguliwa.

"Mnanifungia ndani ya gari kama mzigo," Subilaga alisema akiingia, kitenge begani, fimbo mkononi. "Tumpale, mwanangu, unaumwa nini?" Kisha akauona uso wa nta juu ya meza, na uso wake mwenyewe ukafunguka kwa furaha. "Eh! Mmemtengeneza Amba! Kama alivyo kwenye picha! Hebu ona, hata mdomo wake ule wa kihuni..."

 Alimtazama binti yake, akamtazama mwanawe. Akafuata macho yao hadi kwenye kabati la kioo. Alisogea karibu taratibu, kwa fimbo yake, akasimama hapo.

"Jino," alisema.

  Tumpale alianza kueleza, akainuliwa kiganja: nyamaza. Bibi huyo alikuwa ameuza maziwa maisha yake yote na hakujua lolote kuhusu jedwali, lakini jino lile alilijua.

"Fungua hiki kioo."

"Mama, hairuhusiwi kugusa kwa mikono..."

"Fungua."

Tumpale alifungua. Subilaga alishusha kitenge begani, akakitandaza kwenye kiganja na kulichukua fuvu kwa mikono miwili, akalifunika, akaliweka kifuani. Alitikisika mara moja, kama mtu aliyepigwa mgongoni.

"Alikuwa na nani muda wote huu?" aliuliza.

"Peke yake, mama."

"Hakuna aliyemlilia."

"Hakuna."

"Nilikuwa naimba nyumbani," Subilaga alisema. "Mwanangu amelala kwenye matope, mimi naimba."

Ambakisye alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, mikono imening'inia. Hakujua kama anaruhusiwa kusogea. Mama yake akamwona.

"Na wewe unasimama huko mbali kwa nini?"

"Mama, mimi siye..."

"Nimekuuliza kwa nini unasimama mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha bandeji zako. Nilikulisha kwa mrija. Hayo nayo wataniambia ni ya mtu mwingine?" Akamnyooshea kile kitenge. "Njoo umshike mwenzako. Nimechoka, ni mzito."

Hakuwa mzito hata kidogo. Ambakisye alikuja, akapiga magoti, akapokea.

*

Mzee Tweve alipandishwa juu alasiri. Tumpale alikuwa amejiandaa kusema kwa utaratibu, lakini mzee alikwenda moja kwa moja kwenye uso wa nta. Aliutazama upande mmoja, akauzunguka, akautazama wa pili. Kofia ilikuwa ikijikunja mikononi mwake.

"Siye," alisema.

"Siye, mzee. Huyu ni mdogo wangu, Ambakisye Mwakisu. Ndiye rafiki yake Yusto, wa sweta la njano."

"Basi bado yuko kilimani." Mabega yalimshuka. "Nitarudi mkimpata."

"Hayuko kilimani, baba." Neno hilo lilimtoka Tumpale bila kulichagua. "Siku ile walikuwa wamebadilishana sweta. Alitolewa hai. Amepandiwa uso wa mwenzake, amelelewa nyumbani kwetu. Vipimo vya vinasaba tutachukua leo, utaamua mwenyewe kuamini au kutoamini. Ila mimi nimeupima mfupa wake. Yule pale ndiye."

Mzee aligeuka. Kijana mrefu alikuwa amesimama kando ya dirisha, paji limetokeza, macho yameachana, mdomo umevutika kidogo upande wa kushoto. Walitazamana. Zakaria Tweve alimkagua kwa macho ya mtu aliyetafuta kwa miaka mingi: nyusi, pua, kidevu. Akarudia. Hofu ikamwingia taratibu, ikajaa.

"Simjui," alisema kwa kunong'ona. "Mungu anisamehe. Huyu simjui."

Ilikuwa kama kofi. Ambakisye alipepesa macho, akamgeukia dada yake.

"Una vipimo vyangu kwenye mashine?"

"Ninavyo."

"Inaweza kuitoa hii?" Aligusa shavu lake. "Iniweke nyama ambazo mfupa wangu ungekuwa nazo?"

"Inaweza. Lakini Amba, ukishauona huwezi kuusahau."

"Washa."

Alimaliza kumpima kila sehemu, ameketi wima, bila kumbonyeza. Kisha Mfinyanzi ikaanza na kidevu. Ilitengeneza nakala ya mfupa wake, ikaziacha kando nyama zote zilizopandwa, ikachukua za jedwali: za wanaume wa umri wake, wa nyanda za juu, wenye mwili kama wake. Wote wanne, Subilaga akiwa ameketi, waliitazama. Taya lilikuja, kisha mashavu, mapana, yakitanda kama sahani. Pua ikakaa. Paji likashuka, bapa, limetulia. Mashine ikatoa mlio na kunyamaza.

Ambakisye aliinama mbele. Alikuwa akimtazama mtu ambaye angempita njiani bila kumsalimia.

Mzee Tweve ndiye aliyetoa sauti, sauti isiyo neno. Kofia ilianguka.

"Sara," alisema. "Huyo ni Sara. Huyo ni mke wangu." Alinyoosha mkono kuelekea kwenye nta, ukaishia njiani. "Nilikuwa nimeanza kumsahau. Sina hata picha. Usiku nilikuwa nafumba macho nimtafute, simpati. Ndiye huyu. Mashavu yake haya."

Kisha akaielewa maana yake. Aligeuka polepole akamwendea kijana. Hakuutazama tena uso wake. Aliinua mikono yake yenye makovu akaushika, vidole vikaingia chini ya taya, vikapita nyuma ya masikio, vikabonyeza mashavu mpaka vikaukuta mfupa, mpana, pale ulipofichwa. Alifumba macho. Mikono yake ya fundi mwashi ilipapasa kama inavyopapasa ukuta gizani.

"Yusto," akaita.

  Macho ya kijana yalikimbia juu ya bega la mzee, yakamtafuta mama yake aliyeketi kwenye kiti na mwanawe mdogo mapajani, ndani ya kitenge.

Subilaga alikuwa analia sasa, wazi, bila kujifuta. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hajasahau chochote.

"Itika, mwanangu," akamwambia. "Baba yako anakuita."